Mashine haijafa, imesahau tu: kupanga mazabodi na BIOS ya kompyuta ya mezani

Umeme ukikatika na kurudi mara mbili tatu kwa siku moja hapa Unguja, najua kesho yake nitaamshwa na simu. "Fundi, inawaka lakini inaandika maneno meupe kwenye skrini nyeusi." "Fundi, kila asubuhi inataka F1." "Fundi, Windows imeondoka." Nimeyajibu masuali haya kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka, kwa hivyo leo nayaandika pahala pamoja. Ukinipigia, nitakutumia haya kwanza.

Nikwambie mapema: katika mashine ninazoletewa kuwa zimekufa, nyingi ni nzima. Zimesahau. Ama kibetri kimekwisha, ama mtu aliingia BIOS, akagusa asichokijua, akatoka kimya kimya. Zinataka kukumbushwa, na wewe uandike pahala ulichozikumbusha ili safari ijayo usianze upya.

Mazabodi ni ule ubao mkubwa ndani ya kasha uliobeba prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu yake ya muda) na kila kitu. BIOS ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao huo. Inaamka kabla ya Windows, inavikagua vifaa, kisha inatafuta diski ya kuanzia. Mashine za miaka ya karibuni zina aina mpya yake iitwayo UEFI, lakini sote bado tunasema BIOS. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota.
- Kibetri kipya cha CR2032. Soma maandishi yake mwenyewe. CR2025 ina upana ule ule wa milimita 20, lakini unene wake ni milimita 2.5 badala ya 3.2, na inachezacheza kwenye kikalio chake. Nimeuziwa hiyo mara mbili, na mara zote mbili nikaapiwa kuwa ni ile ile.
- Brashi ya kupakia rangi, mpya na kavu.
- Kifutio cheupe cha penseli.
- Kibodi ya waya. Baadhi ya zisizo na waya huchelewa kuamka, ukabaki unagonga kitufe bure.
- Simu yenye kamera, kipande cha karatasi na selotepu.
- UPS, ile boksi ya betri inayoshika umeme ukikatika, ukiweza kuazima. Si lazima kwa kazi hii, ila inatuliza moyo.

Hatua kwa hatua

1. Tizama swichi ya volti kabla hujachomeka chochote. Nyuma ya mashine, karibu na tundu la waya wa umeme, baadhi ya pawa saplai (boksi la kugawia umeme ndani ya kasha) zina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mtumba uliotoka Marekani huweza kuja umewekwa 115, maana kwao ni volti 120. Ukichomeka hivyo utasikia mlio mmoja mkubwa, halafu moshi, halafu harufu itakayolala chumbani na wewe. Binamu yangu aliifanya Idi mosi. Watoto wa nje wakashangilia wakidhani ni fataki. Kama swichi haipo na kibandiko kimeandikwa 100–240, inajirekebisha yenyewe.

2. Chomoa, fungua, tizama. Chomoa waya wenyewe ukutani, usitosheke na kuzima. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobakia ndani umalizike. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kwanza, ndipo uguse ubao. Sasa tumia macho kabla ya mikono. Hewa yetu ya chumvi huanza na skrubu na matundu ya nyuma. Nyumba ikiwa inatazama bahari, utaiona kutu hapo hata kama mashine ni ya juzi. Sisimizi wanapenda joto la ndani. Mjusi naye anapenda sisimizi: mashine moja niliyoletewa kutoka Nungwi ilikuwa na mjusi aliyekauka juu ya pini za umeme wa prosesa, mkia upande huu, kichwa upande ule, na yeye ndiye aliyekuwa tatizo lote. Piga brashi taratibu, feni ukiizuia kwa kidole isizunguke. Ukiona vile vikopo vidogo vya kapasita vimevimba kichwani, simama hapo. Hilo ni la fundi wa kuchomelea, BIOS haihusiki.

3. Badilisha kibetri. Kama mashine bado inafunguka, fanya kwanza hatua ya 6 na ya 7, maana kutoa betri kunaweza kuisahaulisha mipangilio yake. Kiko bapa kwenye ubao, kama shilingi. Pembeni mwake pana kilimi cha chuma. Kisukume kwa ukucha na betri itainuka yenyewe. Usiichokoe kwa bisibisi kutokea chini, kikalio kikivunjika umejitafutia kazi nyengine. Kaa dakika tano kabla ya kutia mpya, upande wenye alama ya + ukiwa juu. Kama una mita ya kupimia volti: betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.7 usiifikirie mara mbili.

   Watu huniuliza kwa nini betri ya jirani imedumu miaka saba na yake miwili. Mashine ikiwa imechomekwa, saa yake hula umeme wa ukutani. Ikichomolewa, au umeme ukikatika, hula betri. Kompyuta ya skuli inayochomolewa kila likizo huimaliza haraka. Waliokuwa na kompyuta Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme, watakumbuka: taa zilirudi, na mashine kadhaa zikaamka zikidhani bado ziko kiwandani.

4. Toa RAM, isafishe, irudishe. Fungua vibanio vya pembeni, ivute juu. Yale meno ya dhahabu yasugue kidogo kwa kifutio, pande zote mbili, upangusie unga wake mbali na sloti. Unaporudisha, kata ya chini lazima ikutane na kijinundu cha sloti. DDR3 haingii kwenye sloti ya DDR4 hata ukiikalia, kwa hivyo ikigoma usitumie nguvu, soma kibandiko. Ukiwa na RAM mbili kwenye ubao wa sloti nne, bodi nyingi mpya zinazitaka ya pili na ya nne kwa kuhisabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza mpaka usikie vibanio vikilia. Mashine iliyokwenda Pemba kwa boti mpaka Mkoani, kisha kwa gari mpaka Wete, RAM yake ikilegea si ajabu.

5. Hakikisha nyaya. Ule mpana wa pini 24, ule wa pini 4 au 8 karibu na prosesa, wa diski, na wa feni ya prosesa kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Vile viwaya vyembamba vya mbele ya kasha: cha kitufe cha kuwashia hakina upande, cha taa kina + na −. Taa ikikataa kuwaka, kigeuze. Mashine za afisini kama Dell OptiPlex zina nyaya za umbo lake, usilazimishe za kasha jengine.

6. Ingia BIOS. Chomeka, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe, usisubiri nembo itoke. Dell ni F2. HP ni F10, ukikosa jaribu Esc. Lenovo ThinkCentre ni F1. Bodi za kununua peke yake, ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock, ni Delete. Kama Windows inakimbia mno hupati nafasi, shikilia Shift huku ukichagua Restart, halafu fuata Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings.

   Ikidai neno la siri usilolijua, ni la mwenyewe wa mwanzo huko ilikotoka. OptiPlex nyingi zina jampa (kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili) iliyoandikwa PSWD kwenye ubao kwa kazi hiyo, lakini mashine nyengine zitakutoa jasho. Ndiyo maana nasema, ukinunua mtumba Darajani au Mlandege, muingie BIOS pamoja na muuzaji pale pale, kabla pesa haijatoka mfukoni.

7. Piga picha kila ukurasa kabla hujabadilisha hata nukta moja. Hatua hii wote huiruka, na wote huijutia. Na usibonyeze "Load Defaults" kwa kudhani ni dawa ya kila ugonjwa. Inarudisha mipangilio ya kiwanda, na kiwanda hakijui Windows yako ilivyowekwa. Jambo jengine: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, kugusa TPM (chipu ya kutunza funguo) au Secure Boot (ulinzi unaokagua programu ya kuanzia) kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kwanza, mashine ikiwa bado inafunguka.

8. Weka tarehe na saa. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu. Saa ya BIOS ni ya masaa 24 na inaanzia usiku wa manane, saa yetu inaanzia magharibi na alfajiri. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa nane mchana ni 14:00. Saa mbili usiku ni 20:00, na saa sita usiku ni 00:00. Mwalimu mmoja wa Wete aliweka 02:00 asubuhi kweupe, kisha akashangaa mtandao unamtendea visivyo. Tizama pia mpangilio wa tarehe: bodi nyingi huanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Tarehe 5 Machi usiiandike ikawa 3 Mei.

   Mashine ikikosea saa, hisabu imekosea kwa kiasi gani, jibu limo humo humo. Masaa sita: mtu ameweka saa ya Kiswahili. Masaa matatu: sisi tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, kwa hivyo ama Windows haikuchaguliwa eneo la Nairobi, ama umeweka Linux pamoja na Windows na Linux inaandika saa ya dunia kwenye ubao. Dawa yake, ukiwa ndani ya Linux, ni amri `timedatectl set-local-rtc 1`. Miaka kadhaa: betri. Na usiidharau tarehe. Ikiwa nyuma sana, tovuti za benki na barua pepe zitakataa kufunguka zikidai si salama, nawe utailaumu kampuni ya intaneti bure.

9. SATA, yaani namna ubao unavyoongea na diski: AHCI, RAID au IDE. Kama unaweka Windows mpya kwenye diski tupu, chagua AHCI. Kama Windows imo tayari, acha ilivyokuwa. Dell nyingi huja zimewekwa "RAID On" hata kama zina diski moja tu. Mtu akibadilisha kwa kusikia kuwa AHCI ni nzuri, Windows inaanguka na skrini ya buluu iliyoandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Hakuna kilichoharibika. Rudisha ilivyokuwa, inafunguka. Ukitaka kuhama kwa usalama, ingia Windows, iweke ianze kwa Safe Mode (Windows yenye vitu vya lazima tu) kupitia programu yake ya msconfig, zima, badilisha BIOS, washa mara moja, kisha ondoa Safe Mode.

10. UEFI au Legacy, na mpango wa kuanzia. GPT na MBR ni mitindo miwili ya kugawa diski, mpya na wa zamani. Kanuni ni moja: diski iliyogawanywa kwa GPT inataka UEFI, ya MBR iliyowekwa zamani inataka Legacy, yaani njia ya BIOS ya zamani, ambayo bodi nyengine huiita CSM. Ukichanganya, BIOS itasema haioni pa kuanzia wakati diski iko palepale. Kwa kazi mpya chagua UEFI. Kwenye orodha ya kuanzia, cha juu kiwe "Windows Boot Manager" na si jina la diski. Unapoweka Windows kwa flashi, huna haja ya kuugeuza mpango wote: tumia menyu ya mara moja, F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte, F9 kwa HP, F11 kwa MSI na ASRock, F8 kwa ASUS.

    Kuhusu Windows 11, maana najua suali linakuja. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, na kwa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache mno. Mtumba mwingi uliojaa hapa kwetu ni wa kizazi cha 4 au cha 6. Ukiambiwa "nipe pesa nikuwekee BIOS ikubali", iache pesa yako mfukoni. Lakini kama prosesa inastahiki na Windows bado inalalamika, huenda TPM imezimwa tu: kwa Intel itafute kwa jina PTT, kwa AMD fTPM.

11. Umeme ukirudi, mashine ifanye nini? Tafuta "AC Recovery" au "Restore on AC Power Loss". Wengi wanapenda "Power On" ijiwashe yenyewe. Mimi naiweka "Power Off" kwenye kila mashine inayopita mkononi mwangu. Umeme wetu ukirudi hubisha hodi kwanza: unawaka, unazima, unawaka tena. Mashine inayojiwasha inapigwa mara tatu, na diski ndiyo inayolipa. Mwache mtu angoje dakika kumi, kisha abonyeze kwa mkono wake.

12. Hifadhi, kisha andika. Bodi nyingi ni F10 halafu Yes. Dell ni Apply kisha Exit. HP tumia menyu ya File. Ukitoka kwa Esc bila kuhifadhi umefanya mazoezi tu. Kisha chukua karatasi, andika tarehe ya kutia betri, SATA iko wapi, UEFI au Legacy, uibandike kwa selotepu ndani ya ubavu wa kasha.

Usiyaguse haya

Volti za prosesa na RAM, ziache. XMP, mpangilio wa kuikimbiza RAM zaidi, iwashe tu kama RAM yako imeuzwa nayo, na ikianza kuganda izime. Uwezo wa kuendesha mashine ndani ya mashine, Virtualization kwa Intel na SVM kwa AMD, washa bila wasiwasi, wanafunzi wanauhitaji.

Kuweka toleo jipya la BIOS ni jambo jengine kabisa. Umeme ukikatika katikati ya zile dakika tatu, ubao unaweza kubaki kama tofali. Kama mashine haina tatizo, usifanye. Kama lazima, iwe kwa UPS yenye betri nzima, na faili la modeli yako hasa kutoka kwa mtengenezaji wake.

Ikigoma

*Inaandika "PXE-E61, check cable".* Kuna mtu alikwenda kununua waya wa intaneti kwa ajili ya hili. Maana yake mashine imetafuta diski, haikuiona, ikaamua kujaribu mtandao. Rudi hatua ya 5 ukaze waya wa diski, kisha ya 10.

*"Time-of-day not set" au "CMOS checksum error" kila siku, na betri ni mpya.* CMOS ni kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS inayoshikwa na betri. Betri imegeuzwa, ni CR2025, au ilikaa dukani mpaka ikafa. Tizama pia kama jampa ya kufutia, CLR_CMOS au RTCRST, imeachwa mahali pa kufutia.

*Feni inazunguka, skrini nyeusi.* Acha RAM moja tu, jaribu kila sloti kwa zamu. Kama una kadi ya picha, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao. Bado? Chomoa umeme, toa betri dakika kumi, urudishe.

*"Alert! Cover was previously removed".* Dell inakusengenya kuwa ulifungua kasha. Ingia BIOS, tafuta Chassis Intrusion, ifute.

*"The selected disk has an MBR partition table" unapoweka Windows.* Umeanza kwa UEFI na diski ni ya zamani. Kama haina kitu chako, futa sehemu zake zote palepale na uendelee. Kama ina picha za harusi, toka uzihamishe kwanza.

*Haiwaki kabisa, hata taa.* Soketi zetu zina swichi ukutani. Ibonyeze hiyo kwanza, ndipo unipigie.